Daktari wa Damu Aliyejua Kiha

Mama alipoambiwa amwone bingwa wa damu na saratani, tulijiandaa kwenda Mwanza. Kisha muuguzi wa Kibondo akatueleza kwamba bingwa mmoja amehamia Kasulu, karibu na kwetu.

Daktari huyo, mwanamke mdogo kuliko mimi, alimsalimu mama kwa Kiha, lugha yetu ya nyumbani. Mama, ambaye madaktari wakimuuliza kwa Kiswahili hujibu "ndiyo" tu, akaeleza uchovu wake wote tangu msimu wa maharage. Mimi niliyekuja kutafsiri sikuwa na kazi.

"Dawa utamezea nyumbani, mama," daktari alisema. "Kila mwezi uje nikuone."

Tulipotoka mama akaniambia, "Mwezi ujao usijisumbue. Nitakuja mwenyewe."

Mwaka wa pili huu anakwenda peke yake, na shambani amerudi.