Wati za Kuinua na Wati za Kupanda Nazo Mlima

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja pale Soni, kaka yangu Hoza alipofungua boksi la spika mpya za pikapu yake, sote tukasogea kuchungulia kama tumeoneshwa mtoto mchanga. Juu ya boksi, kwa maandishi makubwa ya dhahabu, wameandika wati mia tano.

Kesho yake dada yetu Naeli alikuwa anaolewa Bumbuli. Baba alikuwa mgonjwa wa kitandani, na alichoomba ni kimoja tu: aisikie arusi ya bintiye ikipita barabara ile ya chini ya nyumba yetu. Hoza akamwahidi. Spika alizipata kwa kuuza maharage yake mwenyewe, na sijui kama mimi ningekuwa na moyo huo.

Fundi wa redio alipokuwa anamalizia kuzifunga kwenye gari, akatokea shangazi Martha, dada yake baba, anatoka sokoni, kata ya kubebea mzigo ingali kichwani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona mmelizunguka gari kama mna msiba?"

"Wati mia tano hizi, shangazi! Kesho hata Mlalo watasikia."

Akaliinamia boksi. "Mia tano za kuinua, au za kupanda nazo mlima?"

Tulicheka. Hoza akasema, "Shangazi, hii ni spika, si tenga la kabichi."

"Ndiyo maana nauliza. Tenga kubwa naliinua, nalitua hapo hapo, watu wananishangilia. Ninalopanda nalo kutoka bondeni mpaka sokoni ni dogo."

Fundi hakucheka. Aligeuza boksi akasoma maandishi madogo ya ubavuni: RMS sitini. Akatueleza kwamba ile mia tano ni kilele, nguvu ambayo spika inaistahimili kwa kufumba na kufumbua. Hiyo RMS, sitini, ndiyo inayoibeba muda wote wimbo unapopigwa. Amplifaya ya Hoza, ile mashine inayozisukuma spika, nayo ilikuwa inatoa mia na ishirini za kudumu kwa kila spika. Angeifungulia yote, zingeungua kabla ya kufika kwetu.

"Swali hilo lilikuwa langu," fundi akasema. "Mama ameniwahi."

Nisimwonee aliyeandika boksi. Hakusema uongo. Mia tano ipo, ila haikai.

Fundi akaipunguza amplifaya, lakini shangazi hakuridhika. Akapanda mbele, wimbo ukafunguliwa, wakapanda mlima. Kila sauti ilipoanza kukwaruza alimgonga Hoza begani: "Inahema hiyo. Rudisha." Hoza anarudisha sauti chini. Alikuwa ameshajitapa kwa rafiki zake wote, angeweza kununa, na hakununa. Mpaka leo nashindwa kusema nani nimsifu zaidi, yule aliyeuliza au huyu aliyekubali kuulizwa.

Siku ya arusi nilibaki na baba. Nilimwinua kwenye mito nikafungua dirisha. Wimbo ukaja, si mkubwa, ila safi, ukazama nyuma ya kilima, ukatoka tena. Baba alifumba macho.

"Bado inaimba?" akaniuliza, masikio yake yalipochoka.

"Bado, baba. Sasa wako kona ya juu, karibu na mashamba ya chai."

"Haijakatika?"

"Haijakatika."

Akashika mkono wangu. "Basi nimemsindikiza," akasema.

Mwanangu, shule yangu ni ya darasa la saba, na fundi akinisahihisha nitashukuru. Lakini ukinunua spika za gari, usinunue namba kubwa ya mbele. Geuza boksi utafute RMS, kisha ulinganishe na RMS ya amplifaya yako. Wati za spika si ukubwa wa sauti yake. Ni mzigo inaoweza kuubeba. Ikianza kukwaruza, punguza, hata kama amplifaya yako ni ndogo na mpya, kwa kuwa amplifaya iliyozidiwa nayo inaunguza spika. Na mtu akikuuliza unaweza nini, usimtajie ulichokifanya siku moja ukiwa na mori. Mtajie kile ambacho hata kesho utaamka nacho.

Mungu akujalie sauti isiyokukatikia njiani, na dirishani akuwekee mtu anayeisubiri.