Jicho la Karani wa Lushebere

Usimuonee Polycarpe huruma haraka. Miaka mingi yeye njo alikuwa karani wa kuandika biashara ya soko la Lushebere, na chombo chake cha kazi kilikuwa mudomo. Siku ya soko anapita, anauliza kwa sauti: "Mama, umeleta bidoni ngapi za mawese?" Nani atajibu ukweli mbele ya jirani? Kwetu mali haitajwi hadharani, jicho la wivu lisije likaiharibu. "Iko kidogo tu, Papa," wanasema wote. Naye anaandika kidogo.

Mwaka 1953 biro ya teritwari, ile ya serikali, ikataka hesabu za kweli, ipate kujua soko gani lijengewe hangari ya kufunika wauzaji. Euphrasie, muke wa Polycarpe, aliuza mawese pale kwenye mvua. Aliiombea ile hangari kila Jumapili. Biro ikamutuma Damascène, kijana wa viatu vya kung'aa. Huyo hakuuliza mutu. Alisimama kwenye njia ya Walikale, akahesabu mizigo ikipita. Kumbe soko lilikuwa kubwa! Mukubwa wa biro akamusifu mbele ya wote, akasema Polycarpe alikuwa anakisia tu. Akamuagiza Damascène ahesabu tena pale na kwenye soko la Kashuga, kabla ya kuchagua.

Aka! Polycarpe alisikia wivu mpaka bugali ukamushinda. Hata vile viatu vilimukera. Akawanong'oneza wauzaji: "Huyu anahesabu mizigo ili muongezewe kodi. Mupite porini." Wakamuamini, maana alikuwa mutu wao. Euphrasie naye akapita porini, miiba ikamuchana miguu. Damascène akabaki njiani anahesabu mbuzi, na Polycarpe akapata tena hamu ya kula.

Lakini kule Kashuga hakuna aliyenong'oneza, na mizigo ikapita mbele ya Damascène wazi. Basi hangari ikajengwa Kashuga, wala kodi haikuongezwa. Damascène akawekwa mukubwa wa kazi huko, na wanunuzi wote wakahamia kule.

Asubuhi ya safari ya kwanza Polycarpe alimuinulia muke wake bidoni mugongoni. Euphrasie akaikaza kamba kwenye kipaji cha uso. Kashuga iko mbali, angelala njiani.

"Miaka yote tunaficha mali kwa kuogopa jicho baya," akasema. "Kumbe lilikuwa linakula bugali kwangu."

Akaenda.