Wifi Yangu wa Dirisha la Bima

Admin, usiweke jina wala picha yangu. Wifi yangu anafuatilia ukurasa huu, na akisoma hapa atajijua tu.

Nina miaka 31, naishi Kilosa. Mume wangu ni mwalimu na mimi natibiwa kwa bima yake. Watoto wetu wawili nimewapata kwa upasuaji, na huyu wa pili nusura aniue kwa presha. Daktari alituambia wote wawili, mimi na mume wangu, kwamba nipumzike kuzaa. Akaniandikia vidonge vya uzazi wa mpango, aina inayomfaa mwenye presha. Zahanati, wanakogawa bure, aina hiyo ilikuwa imeisha, nikaenda hospitali kuuliza kama bima itanilipia.

Dirishani nikamkuta wifi, mdogo wake mume wangu. Ndiye anayeshughulika na kadi za bima pale. Nikamsogezea cheti taratibu. Yeye akapaza sauti benchi zima likasikia: "Wifi, hivi si vya kuzuia mimba? Bima hailipii hivi! Kaka anajua kweli?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake mama mkwe akashuka kwa bodaboda kutoka Tindiga. Nikapiga goti, "Shikamoo mama." Hakuitika. Akamgeukia mwanawe, "Hivi wewe umeoa mke au umeoa duka la dawa?" Mume wangu, aliyemsikia daktari kwa masikio yake, akainama. Halafu akanipokonya kadi na kuniambia asisikie tena habari ya vidonge.

Nikashika mimba. Ilitoka ikiwa kubwa, na nilimwaga damu mpaka nikaanza kuwaaga watu. Wifi alikuja wodini na chupa ya uji. "Pole wifi, ni mipango ya Mungu." Niliunywa ule uji wote huku namwangalia usoni. Siku ile ndiyo nilianza kusubiri.

Sasa wifi anaolewa Mikumi, kwa mama mmoja anayetangaza kila mahali kwamba mwakani analea mjukuu. Wiki iliyopita wifi alikuja jikoni kwangu, akafunga mlango. "Wifi, nisitiri. Sitaki kuzaa kwanza, na mwenzangu sijamwambia. Nifanyeje?" Jamani! Nikamwelekeza vizuri kabisa, tena kwa upole. Keshaanza kumeza.

Kicheni pati yake ni Jumamosi. Kwetu wifi mkubwa ndiye anayeshika maiki kumfunda bibi harusi mbele ya wanawake wote, na mama wa bwana harusi hukaa meza ya mbele. Wifi mkubwa ni mimi. Sare nimeshashona.

Msiniambie nisamehe, hayo nimeshaambiwa kanisani. Najua nitakuwa namfanyia yale yale aliyonifanyia, na ndiyo maana nayataka. Ila jana alinitumia ujumbe: "Wifi, siku hiyo nakutegemea wewe, yule mama wa Mikumi ataongea sana." Nilicheka peke yangu. Baadaye nikajikuta nalia, na sijui nilikuwa namlilia nani, yeye au yule mwanangu.

Maiki nitaishika, hilo halina mjadala. Nishaurini tu, wenzangu: niseme kabla ya chakula, au niwaache kwanza wale washibe?