Herufi Iliyotazama Mlango

Mama yangu, Kersti Nilsdotter, aliolewa kwa sababu ya herufi tatu. Cheka ukitaka, wilaya yetu nzima ya Ingelstad ilicheka.

Kwetu bibi harusi huenda kanisani amekalia mto wa gari la farasi alioufuma mwenyewe kwa sufu, wenye herufi za mwanzo za jina lake na la bwana harusi. Mama alikuwa keshafuma za mchumba wake, Per Olasson: P, O, na S ya "son", yaani "mwana wa". Ulibaki ukingo tu. Ndipo habari zikaja kutoka Malmö: Per kaoa mjane wa mwoka mikate.

Mama alilia siku mbili. Siku ya tatu akasema anakwenda Ystad kwa shangazi yake, akafanye kazi huko, wanaume basi. Bibi yangu Bengta hakulia. Alikuwa anautazama mto.

"Sufu nyekundu yote hii? Miezi mitano? Thubutu!" akasema. "Pål Olasson si kafiwa na mkewe mwaka jana? P, O, S. Hata uzi mmoja hauguswi."

"Mama, yule ana miaka hamsini!"

"Ndiyo maana hatatoroka."

Basi, yakaisha. Pål alikubali kabla bibi hajamaliza kusema, na kasisi akaanza kutangaza ndoa. Kitanda cha mfumi, kile alichofumia mto, kilikuwa dirishani. Kila mama akiinua macho anaiona barabara ya Ystad, na viatu vyake bibi kavifungia sandukuni.

Asubuhi moja, bibi yuko zizini anakamua, mama akaanza kuifumua ile P. Alitaka kuzitoa zote tatu. Pasipo herufi hapana mume, ndivyo alivyofikiri, maskini. Alikuwa ametoa moja tu bibi alipoingia na ndoo.

"Irudishe."

"Sirudishi."

"Maji umeshayavulia nguo, yaoge. Keti, mwanangu. Nasimama hapa hapa."

Akasimama nyuma yake mpaka ikarudi. Sasa, mto wa namna hii hufumwa kwa upande wa nyuma. Herufi lazima uifume kinyume ndipo mbele isomeke sawa. Mama alilijua hilo tangu ana miaka minane. Siku ile aliifuma sawasawa, bila kuigeuza. Bibi, macho yake yamekwisha kuingia ukungu, akasema, "Unaona? Nzuri kuliko ya kwanza."

Mto ulikatwa kwenye kitanda cha mfumi asubuhi ya harusi, gari linangoja. P ikaonekana imezipa mgongo O na S.

"He, Pål! Mto umekununia!" watu wakapiga kelele.

Baba alicheka nao. Hakuwa mtu mbaya, baba yangu, na hilo ndilo lililomuuma mama zaidi: hata wa kumchukia hakupata.

Baadaye mto uliwekwa kwenye benchi letu la mezani. Baba aliukalia miaka ishirini na miwili. Jumapili moja, mimi namenya viazi, akaunyanyua, akaukodolea macho.

"Kersti, hii herufi yangu mbona siku zote inaangalia kule?"

"Inaangalia mlango."

Nikaacha kumenya. Baba akaupapasa mto kidogo.

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo," mama akasema, akamwekea uji wake, kijiko upande wa kulia kama anavyopenda.