Windo Nyepesi Niliyompigia Baba Mkwe

Nyie mnaonijua hapa Mpanda mnajua mimi si mtu wa kuona aibu ovyo, mdomo wangu unafanya kazi kuliko mikono, lakini nikienda ukweni Kabungu siku hizi napita njia ya nyuma, katikati ya mahindi ya watu, nikisikia mtu anakohoa nainama. Leo naisema sababu mwenyewe, maana nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, tena wanaongeza chumvi kwenye kitu ambacho tayari kina chumvi ya kutosha.

Kazi yangu ni fundi. Jina la nyumbani ni Amosi, ila mjini naitwa Fundi Jembe (nilijipa mwenyewe, basi). Nina kibanda karibu na soko, natengeneza simu, najaza nyimbo kwenye memori kadi na flashi, na napiga windo. Kupiga windo, kwa mliokaa mbali na mambo haya, si kuvunja dirisha la mtu, ni kufuta ule mfumo unaoiendesha kompyuta na kuweka mwingine. Nalisema hili kwa sababu baba mkwe wangu, Mzee Bukuru, nilipomwambia laptopu yake inabidi ipigwe windo, aliikumbatia kifuani akaniuliza, "Kuipiga? Imekosa nini?" Nikacheka. Laiti ningenyamaza nikaenda zangu.

Na nyimbo ninazojaza nazigonga muhuri, kila mtu wa sokoni anajua. Nimerekodi sauti yangu, naipachika katikati ya wimbo, ili wenzangu wa vibanda vya jirani wasichukue kazi yangu wakajifanya yao. Nilikuwa mkali sana kwa wezi, mimi.

Sasa ile laptopu. Mama mkwe, mama yake mke wangu Odeta, alikuwa ndiye sauti ya kwaya pale Kabungu, akianzisha wimbo hata wapitao njia wanasimama. Kabla hajafariki, shemeji yangu alimrekodi: nyimbo, sala ya jioni, hadithi anazowasimulia wajukuu kwa Kirundi, hata siku moja akimfokea mbuzi aliyeingia kwenye mihogo. Vyote viko kwenye laptopu hiyo moja. Shemeji akahamia mbali kikazi, laptopu akamwachia mzee, na mzee kila jioni akishakula anaifungua, anamsikiliza mkewe, anaifunga, analala. Ndivyo alivyoishi tangu mama aondoke. Lakini mashine ilikuwa imechoka, unaiwasha, unaenda kuchota maji, unarudi bado inawaka.

Ikafika wakati wa kuganduka. Kwa wakwe zangu, ambao wazee wao walitoka Burundi, hiyo ndiyo siku ya kumaliza msiba, ndugu wote wanakusanyika, mnakula, mnanywa, mnamkumbuka marehemu, halafu maisha yanaendelea. Mzee akaniita akanikabidhi laptopu kwa mikono miwili.

"Mukwe," akasema (ndivyo anavyoniita, kwa Kirundi chake), "hii mashine imezeeka kama mimi. Siku hiyo nataka watu wote wamusikie mama. Utaweza?"

"Baba, hiyo ni kazi ya chai tu," nikamjibu. Kazi ya chai! Mdomo huu.

Basi nikarudi kibandani. Windo halali ipo, wenyewe waliotengeneza wanaitoa kwenye tovuti yao, hilo nalijua na siku ile nililijua. Lakini ni kubwa, bando langu lilikuwa limebaki la kulambisha, na nikajiambia kimashine cha mzee kitaibeba kwa taabu. Nikazunguka mtandaoni nikaikuta nyingine kwenye ukurasa wa mtu simjui, wameichonga, wanasema wameipunguza uzito, wameondoa yasiyo ya lazima, programu zote zimo ndani, haidai leseni, inaruka kama swala. Ameipunguza nani? Kaondoa nini, kaweka nini? Sikuuliza. Na chini kabisa wakaandika maelekezo kwamba kabla hujaanza, zima antivirusi, itakusumbua bure. Hebu fikirieni, mtu humjui, hakujui, anakwambia mfunge mbwa wako kwanza ndipo aingie kwako, na wewe unamfunga mbwa, unafungua na geti, halafu unamwandikia "asante sana kaka". Niliandika kweli. Niliweka na alama ya dole.

Mtasema, si ungenakili kwanza vitu vya mzee kwenye flashi? Ndiyo, ningenakili. Lakini sisi mafundi wa vibandani tuna imani yetu moja, nayo ni D. Diski ya kompyuta tunaigawa sehemu mbili, C ndiyo sebuleni, windo inakaa hapo, na D ndiyo stoo, ukipiga windo unafagia sebule tu, stoo huigusi. Mteja akikuuliza vitu vyangu vipo, unamjibu "nimeviweka D", anatulia, kama umemwambia viko benki. Nikamweka mama mkwe D. Nikapiga windo.

Ikaruka kweli! Nikawasha, ikawaka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, picha ya gari jekundu mbele, raha tupu. Nikaipa intaneti ya simu yangu ijisasishe kidogo, nikaona mafaili ya mama yamo D, majina nayaona, nikafunga. Sikufungua hata moja nisikilize. Nikampigia mzee nikamwambia aniandalie nyama ya mapaja.

Siku yenyewe watu walijaa Kabungu. Turubai mbili, wanaume kwenye viti, kina mama chini kwenye mikeka, shuka jeupe limetandazwa ukutani, projekta nimeikodi mjini, spika zimefungwa mpaka kwenye mwembe wa jirani. Mimi nimevaa shati jeupe la pasi, nimekaa mbele na mashine, najiona waziri. Mchungaji akaomba, akasema sasa tutulie tumsikie mama yetu. Watu wakainamisha vichwa. Mzee Bukuru akavua kofia. Nikabonyeza.

Simu yangu, shetani mkubwa yule, ilikuwa mfukoni bado inagawa intaneti, na laptopu ikaitambua. Kabla hata sijaifikia D, spika zikapasuka kwa sauti ya binti mchangamfu na muziki nyuma yake: "Usikae kinyonge! Weka mkeka wako sasa!"

Nyie mnajua mkeka huo ni upi, mkeka wa kubeti. Lakini Shangazi Dafroza, dada yake mzee, mama mtu mzima wa shambani, yeye anajua mkeka mmoja tu, na ameukalia. Akainuka kwa heshima zote, akaukung'uta, akauliza kwa sauti, "Tuuweke wapi?" Kina mama wengine wakaanza kuinuka nao.

"Si huo, mama, kaeni," Mchungaji akasema haraka. (Sikumuuliza alijuaje. Kila mtu ana yake.)

Nikabonyeza kile kimsalaba cha kufunga, likafunguka tangazo lingine. Nikafunga hilo, yakaja mawili. La tatu, jamani, la tatu alikuwa mwanamke, nguo aliyovaa ungeweza kuifungia kitunguu, na chini imeandikwa kwamba wapweke wa karibu yako wanakusubiri. Pale shukani, mbele ya mchungaji, mbele ya wakwe, na mzee mjane kakaa kiti cha mbele! Nikaruka nikasimama mbele ya projekta nimzibe. Sasa shati langu ni jeupe. Yule mwanamke akahamia kifuani kwangu, nikigeuka kushoto naye anageuka, nikijikinga kwa mikono ikaonekana namshika. Mtu nyuma akasema "Yesu wangu", sijui kwa masikitiko au vipi.

Odeta ndiye aliyekuja akachomoa waya wa projekta. Hakuniangalia. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, ile ambayo mke akiitumia ujue umekwisha, "Zima hiyo simu yako. Halafu umfungue mama."

Nikazima simu. Matangazo yakakatika. Nikajifuta jasho, nikawaomba radhi wakwe, nikasema ni mtandao tu wa huku (nikasingizia na mtandao wa watu!), nikafungua D. Majina ya mafaili yote yalikuwa yameota mikia, herufi za ajabu ambazo sikuziweka mimi. Nikafungua wimbo wa kwanza, ukagoma. Wa pili, ukagoma. Sala, hadithi, hata yule mbuzi, vyote kimya. Kisha ikajitokeza karatasi nyekundu kioo kizima, Kiingereza kitupu, nami nikaisoma: mafaili yako tumeyafunga, tulipe ndipo tukupe ufunguo. Yule niliyemfungia mbwa alikuwa ameingia mpaka stoo.

"Inasemaje?" Mchungaji akauliza.

"Inasema... tusubiri kidogo."

Tukasubiri. Nilibonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Watu wakaanza kunong'ona. Mzee Bukuru akainuka, akaja taratibu mpaka mezani, akaitazama ile karatasi nyekundu ingawa Kiingereza hakijui.

"Mukwe," akasema. "Mama yuko wapi?"

"Yuko D, baba."

"D ni wapi?"

Nimefanya kazi hii miaka yote, nimewaambia watu neno hilo mpaka limenizoea mdomoni, na siku hiyo mzee wa watu aliniuliza D ni wapi nikakosa pa kumwonyesha. Nikamwambia, "Baba, nimempoteza." Hakufoka. Afadhali angefoka. Alirudi akakaa, akaivaa kofia yake, na mimi nikatamani ardhi ya Kabungu ipasuke.

Hapo ndipo Shangazi Dafroza akafungua kanga yake kiunoni. Ana kiredio kidogo cha memori kadi, anakibeba kila mahali, akilima kinaimba, akivuna kinaimba.

"Mimi wifi yangu ninaye humu," akasema. "Wimbo mmoja tu, ule wa kwaya yake. Nilijaziwa zamani pale sokoni Mpanda, kabla huyu hajatuolea mtoto."

Mchungaji akakisogeza kiredio kwenye maiki, na mama mkwe akaanza kuimba. Sauti ile ile, inakwaruza kidogo, lakini ni yeye, anaanzisha peke yake, kwaya inampokea. Shangazi akalia kwanza, wakafuata wote. Mzee akavua kofia tena, akafumba macho, midomo yake ikawa inamfuata mkewe neno kwa neno. Na mimi nalia, namshukuru Mungu, nikasema moyoni limepita.

Ukaingia ubeti wa pili. Mama akapanda juu, pale penyewe wanapopasubiri watu wote, na juu ya sauti yake ikaja sauti nyingine, ya mwanaume, imejaa majivuno na mwangwi wa kutengeneza:

"Hii ni kazi ya Fundi Jembe! Mpanda mjini! Hashindwi kitu!"

Kwa nini sikufa siku ile, sijui. Mchungaji ndiye aliyeanza, mabega yakaanza kumtikisika, kisha kina mama wakaangukiana kwenye mikeka, wanaume wakashika matumbo, machozi ya msiba hayajakauka usoni na wanacheka. Mzee Bukuru hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye kiredio akasema, "Huyo naye mutoeni humo."

Jamani, hatoki. Nimejaribu, na nimepeleka kwa mafundi walionizidi, wote wanasema sauti zimeshikana, ukimtoa Jembe unamtoa na mama. Nakala yangu isiyo na muhuri ilikufa na kompyuta yangu ya zamani. Wale wa karatasi nyekundu hatukuwalipa, Mchungaji alisema mwizi akishalipwa hujifunza njia ya kwako, na zile sala na hadithi za Kirundi na yule mbuzi havijarudi mpaka leo. Umebaki wimbo mmoja, na mimi nimo ndani yake.

Kwa hiyo nimeapa. Windo naitoa kwa wenyewe walioitengeneza, hata kama bando litaisha na mteja anaguna, na atakayeniambia nizime antivirusi ndipo mambo yaende, huyo namwona mwizi mchana kweupe. Kitu cha mtu nanakili kwanza, sehemu mbili, nje ya mashine, halafu nakifungua nasikia kwa masikio yangu. Neno D mteja halisikii tena kwangu. Na kwenye kibao cha kibanda, kilichoandikwa maneno yale yale ya muhuri, nimefuta mawili ya mwisho, kaulizeni sokoni.

Mzee tumepatana. Kila jioni akishakula anawasha kiredio (Shangazi alimwachia, akajinunulia kingine), na nikiwepo pale ananitazama ubeti wa pili unapokaribia, anasubiri nipite, halafu anafumba macho tena. Juzi binti yetu mdogo, ambaye hakumkuta bibi yake akiwa hai, alisimamishwa kanisani Kabungu kuimba wimbo wa bibi. Anaujua wote, kajifunza kwenye kiredio cha babu. Akaimba vizuri mno, watu wakatulia, akafika ubeti wa pili, akapanda juu pale penyewe, akavuta pumzi, akaikaza sauti kama ya mwanaume, na bila kukosea hata neno akanitaja.