Koti Kuukuu la Nyumba ya Asidi

Mimi ni mwoga. Nasema mapema, ili msomaji asije akanitafutia ushujaa huko mbele. Miaka yote niliyofanya kazi kiwandani Élisabethville, tangu vita vya Wazungu vilipokwisha, sikuingia nyumba ya asidi hata siku moja bila kutazama kwanza mlango wa kutokea. Wenzangu walisema natembea mle ndani kama mtu aliyebeba mayai. Waache waseme. Wawili kati ya hao waliocheka walizeeka na jicho mojamoja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya macho na mkono. Wengine walichoma mawe yenye kiberiti, yaani salfa, moshi wake ukageuzwa asidi, na asidi ikapandishwa kwenye tangi lililokuwa juu. Mimi nilisimama kando ya tangi hilo nikiangalia bomba la kioo. Asidi ikifika alama nyekundu, nafunga robine, ile koki ya bomba. Ikishuka, nafungua. Ni hayo tu, kutwa nzima. Lakini usipofunga kwa wakati tangi linafurika, na chini yake kulikuwa na watu wanaosukuma vigari. Ndiyo maana shefu, msimamizi wetu, alikuwa na sheria moja: anayeacha robine anaacha na kazi, na anayeacha kazi anaacha na nyumba ya kambini.

Nguo za pamba hazikufaa mle. Tone moja likikuangukia asubuhi, jioni unapitisha kidole kwenye shati. Kwa hiyo tulipewa makoti ya sufu, mazito kama blanketi, kwa sababu sufu huvumilia asidi. Kila mwaka koti jipya, na lile kuukuu linabaki mali yako. Kambini hapakuwa na kitambaa kizito kama kile. Baridi ilipoingia, makoti kuukuu yalikatwa, wengine wakapata shali, wengine kifuniko cha kitanda.

Mwaka ninaousimulia, mke wangu alijifungua mtoto wa kike mwezi wa tano. Kabla yake tulimzika mmoja. Kifua kilimbana wakati wa baridi, akatutoka hata hajajua kukaa. Kwa hiyo huyu wa pili tulimlinda mpaka majirani wakatutania kwamba tunamnyima hewa. Mwezi wa sita ulipoanza na ile baridi yake ya alfajiri inayofanya bati liwe jeupe, nilichukua koti langu kuukuu, nikalikung'uta, nikalinusa, nikaona ni kavu. Nikampa mke wangu.

"Ukate huu mugongo," nilimwambia, "umufunike naye mutoto."

Alilipokea. Siku ya nne, nikitoka kwenda kazini, nilimwona mtoto amefungwa ndani ya kile kitambaa, uso tu nje. Nilikwenda kazini nikijisifu.

Kabla ya saa sita mchana, mzee niliyekuwa nafanya naye kazi alikuwa anaosha sakafu kwa mpira wa maji. Nilimwita Yaya, kama kwetu tunavyomwita kaka, kwa kuwa alinizidi umri. Maji yakaruka, yakalowesha mkono wa koti langu. Sikujali. Baada ya muda mfupi kifundo cha mkono kikaanza kuwasha, halafu kuchoma. Nilitazama nikakumbuka: pale pale ndipo asidi iliponirukia wiki iliyopita, ikakauka. Asidi haiondoki. Inakaa ndani ya sufu, imetulia, inangoja maji. Wakati wa mvua tulijua hivyo sote, shingo zilituungua njiani tukirudi nyumbani. Lakini hiki kilikuwa kiangazi, hakuna mvua, na mimi nilikuwa nimesahau.

Na mtoto wa wiki chache ana kazi gani nyingine zaidi ya kulowesha nguo?

Akilini nilimwona mwanangu mgongoni kwa mama yake, analia, na mama anampigapiga akidhani ni njaa.

"Yaya," nikasema, "kuya usimame hapa. Mutoto yangu iko anaungua."

"Anaungua wapi?"

"Ku nyumba. Simama tu!"

"Shefu akikukosa hapa?"

"Amenikosa."

Yule mzee alitupa mpira, akashika robine yangu. Mungu amrehemu. Nikakimbia. Nilipita katikati ya mabehewa ya mawe, nikaruka reli, nikaingia kambini nimevaa koti lile lile, viatu vinapiga mawe. Wanawake waliokuwa kwenye bomba la maji waliacha ndoo zao, kwa sababu mwanamume akikimbia kutoka kiwandani mchana, kuna mjane. Mmoja alianza kulia kabla hajajua kitu. Mimi nilikuwa nasali, lakini sala ilikuwa imebaki neno moja tu: bado, bado, bado.

Mke wangu alikuwa nyuma ya nyumba, juani, anachagua maharagwe. Mtoto mgongoni, ndani ya kitambaa. Hakulia. Huko kutolia ndiko kulikoniogopesha zaidi. Nilimpokonya, nikamfungua palepale. Kitambaa kilikuwa kimelowa kweli. Nikageuza mtoto huku na huku, mapaja, matako, mgongo. Ngozi nyororo, haina alama hata moja. Ndipo alipoamka akapiga kelele, na mimi nikakaa chini na kulia pamoja naye.

"Uko na wazimu?" mke wangu alisema. "Unamuvua mutoto ku baridi?"

Nilimweleza. Alinitazama kama anayetazama mgeni.

"Baba, weye unazani ile makoti yako ya zamani nani anafula mbele ya kuikata? Bamama bote ba hapa banajua. Tunatia mu maji ya majivu. Inatoka povu. Unamwanga, unatia ingine, mpaka povu inaisha."

Kumbe! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maji ya majivu, yale yale anayochuja kupikia sombe, majani ya muhogo, na mimi mwenye koti sikuwa nimejua.

Kiwandani nilirudi nikamkuta shefu ananingoja. Kwa kuwa robine haikukosa mtu na tangi halikufurika, hakunifukuza. Alinishusha kwenye koleo, kupakia mawe, mpaka mvua zikaanza. Sikulalamika.

Lakini kabla sijarudi kiwandani, palepale juani, nilimuuliza mke wangu alijuaje kwamba majivu yamemaliza asidi yote. Povu linaweza kudanganya. Alipandisha mkono wa blauzi. Ndani ya mkono, juu ya kiwiko, palikuwa na kidonda chekundu, kipana kama kiganja cha mtoto, kimeanza kukauka pembeni.

"Nililowesha nguo, nikafunga hapa siku muzima," alisema. "Mara ya kwanza ilinichoma. Nikarudisha mu majivu. Mara ya pili haikunifanya kitu, njo nikamufunga mutoto."

Siku zile tatu nilikuwa nimekula chakula alichopika kwa mkono ule, na kulala usingizi mzuri kando yake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungeogopa," alisema, akarudi kwenye maharagwe yake.