Fundi wa Chumba cha Nyuma

Kwa miaka ishirini na saba Jairus alishona suti katika baraza moja mjini Kericho, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumkatia mtu kitambaa bila kumshika mabega kwanza. Baba yake alikuwa ametoka upande wa ziwa kuja kuchuma majani ya chai katika shamba la kampuni, lakini yeye Jairus alikikataa kikapu, akakaa nyuma ya cherehani. Alivalisha walimu, wachungaji, makarani wa vituo vya kununulia majani, na mabwana harusi wasiohesabika. Wateja wake wa zamani hakuwa akiwaandika vipimo. Mtu akitokea kona ya barabara, Jairus alikuwa ameshamwona amenenepa wapi.

Halafu jengo la ile baraza likauzwa. Mafundi tisa waliokuwa pale walipewa miezi mitatu waondoke, na siku ya mwisho mabati yalisimamishwa mbele ya milango hata kabla hawajamaliza kutoa meza zao. Palipokuwa baraza pakawa mahali pa kuegesha magari, na ng'ambo yake likainuka jengo jipya la maduka ambalo watu waliliita Vioo, kwa sababu ya kuta zake.

Mji ulikuwa haujawahi kuona kitu kama hicho. Kulikuwa na duka la saa tupu, saa zilizolala kwenye mito midogo kama vitoto. Kulikuwa na duka la mikoba lililoweka mikoba mitano tu ndani ya chumba kizima. Watu walitoka Litein, Sotik, hata Siongiroi, wakapanda ngazi zinazojiendesha, wakapiga picha, wakarudi nyumbani bila kununua hata leso. Wanunuzi walikuwa wengine, watu wa tenda na watu wenye watoto ng'ambo. Na ghorofa ya kwanza, mkabala na ngazi, palifunguliwa duka la suti kutoka Italia.

Meneja wa duka hilo alikuwa msichana anayeitwa Dorine, mpole, mwenye sauti ya chini. Ndiye aliyemfuata Jairus hadi nyumbani kwake.

"Mzee, kila mtu akiulizwa fundi mzuri anataja wewe," alimwambia. "Tunahitaji mtu wa kupunguza mikono na kupinda suruali. Kazi ni ya kila mwezi."

Wakati huo cherehani ilikuwa sebuleni karibu na kitanda cha mjukuu, na kazi iliyokuwa ikija ni viraka vya sare za shule. Mkewe Monicah alimletea kalamu. Jairus akasaini.

Alichosaini kilikuwa na mambo mengi, lakini matatu ndiyo yaliyobadilisha maisha yake. Angeingia kwa mlango wa nyuma, wa mizigo, na asionekane mbele kwenye zulia. Hangeshona kwa ajili ya mtu mwingine yeyote nje ya duka. Na asiongeze wala kupunguza kitu ambacho hakikuandikwa kwenye fomu, kwa sababu koti likiguswa pasipo idhini, kampuni iliyolitengeneza haitambui tena kuwa ni lake.

Chumba chake hakikuwa na dirisha. Makoti yaliletwa yakiwa yamechomekwa pini na vijana wa mbele, na Jairus alifuata pini. Mwili uliokuwa ndani ya koti hakuuona. Siku za kwanza alifumua bitana ya koti moja akakuta kitambaa cha ndani kimegandishwa kwa gundi mahali ambapo yeye angekaa siku mbili akishona kwa mkono. Alimsimulia Monicah jioni, wakacheka. Baadaye aliacha kusimulia.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa nane alipoletewa koti la kijivu. Alilitundika, akarudi nyuma hatua moja, akatulia. Mkono wa kulia ulikuwa umepandishwa kidogo. Wa kushoto ulikuwa umepandishwa karibu mara mbili yake. Aliyechomeka pini alidhani mteja ana mkono mmoja mfupi. Jairus alijua si hivyo. Aligeuza fomu kuangalia jina, ingawa hakuhitaji.

Mwalimu Kipngeno alikuwa ameanguka kutoka paa la shule miaka mingi iliyopita, siku wazazi walipokuja kusaidia kupigilia mabati. Mfupa ulijiunga vibaya, na tangu hapo bega la kushoto lilikuwa limeshuka. Jairus ndiye aliyemwambia, akiwa amemshika bega hilo pale barazani, "Usijali, Mwalimu, hakuna mtu atajua." Na hakuna aliyejua. Suti zote za Mwalimu, kuanzia ile ya kupandishwa cheo hadi ile ya kustaafu, zilikuwa na pedi nene upande wa kushoto na nyembamba upande wa kulia, na Mwalimu alitembea nazo akiwa amenyooka kama mkuki.

Sasa alikuwa anamwoza bintiye Nelvine, na suti ameinunua Vioo. Kitu cha kwanza Jairus alichohisi ni wivu, na aliona haya kuuhisi. Halafu akaona hatari yenyewe. Mikono ikipunguzwa na mabega yakiachwa hivyo, koti litamvuta Mwalimu upande mmoja mbele ya kanisa zima.

Alipunguza mikono kama fomu ilivyosema. Kisha akafumua bitana ya bega la kushoto, akaweka pedi aliyoitengeneza mwenyewe kwa pamba na kipande cha turubai, akafunga kwa mishono midogo ambayo jicho haliwezi kuiona.

Dorine hakutumia jicho. Alikuwa na desturi ya kupitisha kiganja juu ya kila koti kabla halijaenda mbele. Kiganja kilisimama.

"Mzee, hapa ni nini?"

"Pedi. Nimeongeza kidogo tu."

"Fomu imesema mikono peke yake."

"Huyu mtu namjua. Bega lake limeshuka. Nimemshonea zaidi ya miaka ishirini. Likiachwa hivi litamwaibisha."

"Sikatai," Dorine alisema. "Lakini alijiangalia kwa kioo akasema iko sawa. Ameweka sahihi."

"Hakuwa na mtu wa kumwambia. Akija kulichukua, niruhusu nitoke dakika mbili nimwonyeshe."

Dorine alivuta kigoda akaketi. Alionekana amechoka. "Huko mbele kuna kamera, na wakubwa wanaangalia wakiwa Nairobi. Mimi mwenyewe bado niko kwa majaribio, mzee. Tafadhali itoe. Usinifanye niite mtu mwingine aitoe."

Jairus angeweza kulivua dasikoti lake la kazi akaondoka. Aliliwaza hilo huku akitafuta mkasi mdogo, na alipoupata alikuwa bado hajajua angeenda kukaa wapi na cherehani yake. Alifumua mishono yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine.

Jioni alishika simu. Namba ya Mwalimu alikuwa nayo. Monicah alimwuliza, "Utamwambia nini?" Akafikiria. Kwamba suti aliyoinunua haimfai? Zikiwa zimebaki siku tatu? Aliweka simu mezani.

Walikuwa wamealikwa harusini, kwa hiyo Jumamosi aliomba ruhusa, wakaenda Merigi, kijijini kwa Mwalimu. Kanisa lilijaa hadi nje. Mwalimu aliingia akiwa amemshika binti yake mkono, na Jairus, aliyekuwa benchi la nyuma, aliinamisha kichwa. Hakuhitaji kuangalia. Alimsikia mama mmoja mbele yake akimnong'oneza mwenzake, "Mwalimu amezeeka. Ona alivyoinama."

Wakati wa picha mambo yakawa mabaya zaidi. Mpiga picha alikuwa kijana mwenye bidii. "Mzee, inua bega la kushoto kidogo. Kidogo tena. Hapana, limeshuka tena." Mwalimu aliinua, akashindwa kulishikilia, akatabasamu, akainua tena. Walirudia hivyo kwa kila kundi la jamaa.

Baadaye, watu wakila, Mwalimu alikuja alipokaa Jairus na soda yake, akamsalimu kwa Kikipsigis.

"Chamgei, fundi."

"Chamgei mising, Mwalimu. Hongera."

"Wewe ulipotelea wapi? Nilikuja barazani nikakuta magari. Nikauliza, hakuna mtu anajua unashonea wapi siku hizi. Watoto wakasema basi twende Vioo, wazee wote wa meza ya juu wavae sare." Alijaribu kulivuta koti mbele likae sawa. "Pesa yote hiyo, na tangu asubuhi najisikia kama nimebeba gunia upande mmoja. Wana fundi wao huko ndani, ndiye alilirekebisha. Huyo mtu hajui kazi."

Monicah alimtazama mumewe. Jairus alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejipanga, na hakuna hata moja ambalo lingemnyoosha Mwalimu siku hiyo.

"Pole, Mwalimu," alisema.

"Kijana wangu anaoa mwaka ujao. Hiyo utanishonea wewe mwenyewe, kama zamani."

"Tukijaliwa."

Mwalimu aliitwa kukata keki, akaenda, na koti likaenda naye likielemea upande.

Njiani Monicah alisema, "Ungemwambia tu ni wewe."

"Angenisamehe papo hapo," Jairus alisema. "Halafu?"



Jumatatu aliingia kwa mlango wa mizigo kama kawaida. Makoti saba yalikuwa yamening'inia, kila moja na fomu yake. Dorine alikuwa amemwachia chai kwenye kikombe cha karatasi, imeshapoa. Aliwasha pasi, akasimama akiingoja ipate moto.